Kutoa uvimbe tu, kutoa titi zima, au kutoa na kuliunda upya: ulinganisho kwa aliyeambiwa achague

Kipimo cha kinyama kimethibitisha saratani ya titi, picha zimepigwa, na daktari wa upasuaji amekueleza kwamba kuna njia zaidi ya moja na zote zinakubalika kitabibu. Halafu anasema uamuzi ni wako. Hapo ndipo wengi hukwama, maana nyumbani kila mtu ana lake. Mmoja anasema toa lote ulale usingizi. Mwingine anaona kukatwa titi ni kumalizwa. Wa tatu anamjua mtu aliyetolewa uvimbe peke yake na ugonjwa ukamrudia.

Ulinganisho huu ni kwa ajili ya mtu mwenye saratani ambayo haijasambaa viungo vya mbali, yaani kuanzia hatua ya 0 hadi ya 3, ambaye ameambiwa upasuaji unawezekana. Njia zenyewe ni tatu: kutoa uvimbe pamoja na tishu kidogo inayouzunguka kisha kupigwa mionzi; kutoa titi zima na kufunga kifua; na kutoa titi zima kisha kuunda jingine, siku hiyo hiyo au baadaye.

Nitaje msimamo wangu mapema ili usinisome ukiutafuta. Katika uamuzi huu watu hubishana sana kuhusu titi na kuzungumza kidogo mno kuhusu mionzi. Ningeruhusiwa kumuuliza mgonjwa swali moja tu, ningemuuliza kama ataweza kuifikia mashine ya mionzi na kumaliza dozi zote. Jibu lake hupunguza nusu ya ubishi.

## Ya kujua kabla ya kuanza kulinganisha

Ripoti yako ina mambo yanayoamua zaidi kuliko aina ya upasuaji. La kwanza ni ukubwa: T1 ni uvimbe usiozidi sentimita 2, T2 ni zaidi ya 2 hadi 5, T3 ni zaidi ya 5, na T4 ni ule ulioshika ngozi au ukuta wa kifua, hata ukiwa mdogo. La pili ni tezi za kwapani, kama zina saratani na ni ngapi. La tatu ni tabia ya saratani yenyewe: inalishwa na homoni au la, ina protini ya HER2 kwa wingi au haina, na chembe zake zimeharibika kwa kiwango gani. Tangu 2018 mfumo wa Marekani wa kupanga hatua unahesabu mambo haya pia, wala hautazami ukubwa na tezi peke yake. Ndiyo sababu wagonjwa wawili wenye uvimbe wa sentimita 3 wanaweza kuandikiwa hatua tofauti, na hakuna aliyekosea.

Kuna imani moja inayowaponza watu wengi, kwamba ukitoa titi lote unakwepa tibakemikali, ile ambayo wengi huiita kemo. Si kweli. Kemo hutolewa kwa sababu ya tabia ya saratani na hali ya tezi, si kwa sababu ya ukubwa wa mshono. Mwenye saratani inayohitaji kemo ataipata awe ametoa uvimbe tu au matiti yote mawili. Vidonge vya kuzuia homoni, vinavyomezwa kwa miaka 5 na wakati mwingine hadi 10, ni hivyo hivyo.

Jambo jingine la kuuliza kabla ya kusaini fomu ya upasuaji ni kama dawa zinaweza kutangulia. Kwa saratani yenye HER2 kwa wingi, au ile isiyo na homoni wala HER2, madaktari wengi huanza na dawa pale uvimbe unapozidi sentimita 2 au tezi zinapohusika. Uvimbe mara nyingi husinyaa, pengine hadi usionekane kabisa, na mtu aliyekuwa na njia moja tu ya upasuaji akajikuta nazo mbili. Kabla ya dozi ya kwanza huwekwa alama ndogo ya chuma ndani ya uvimbe, ili daktari wa upasuaji ajue pa kukata hata kama hauonekani tena. Hakikisha umeuliza kama alama hiyo imewekwa.

Je, una muda wa kufikiri? Kwa kawaida ndiyo. Wiki mbili tatu za kuuliza, kupata maoni ya daktari wa pili na kuzungumza na mwenzi wako haziharibu matokeo ya ugonjwa. Isipokuwa kwa aina moja: titi linalovimba ghafla, likawa jekundu na la moto, ngozi ikawa kama ganda la chungwa. Hiyo ni saratani ya titi yenye mfano wa uchochezi, na kwake ulinganisho huu haufai. Inaanza na dawa mara moja, kisha titi zima hutolewa, kisha mionzi.

## Vigezo vitano

Nitaipima kila njia kwa mambo yale yale: uhai na kurudi kwa ugonjwa, mionzi, upasuaji wenyewe na kupona, mwili utakavyokuwa, na ufuatiliaji wa miaka ya mbele.

Kwapa nimeliweka kando makusudi, kwa sababu hushughulikiwa karibu sawa katika njia zote tatu. Ikiwa tezi hazionekani kuwa na ugonjwa, daktari huingiza rangi au dawa yenye mionzi kidogo, akafuata tezi ya kwanza au mbili tatu zinazopokea majimaji ya titi, akazitoa na kuzipima. Zikiwa safi, nyingine zinaachwa. Faida yake ni mkono wako. Kutoa tezi nyingi huongeza sana uwezekano wa mkono kuvimba moja kwa moja, tatizo linaloitwa limfedema. Wengi huhofia kovu la titi wakasahau kuuliza tezi ngapi zitatolewa. Kwa mtu anayeishi kwa kazi ya mikono, pengine hilo ndilo swali zito kuliko yote.

## Njia ya kwanza: kutoa uvimbe na kupigwa mionzi

Uhai na kurudi kwa ugonjwa. Tangu daktari wa upasuaji wa Marekani, William Halsted, alipoeneza upasuaji wake mwishoni mwa karne ya 19, kwa miongo mingi mwanamke mwenye saratani alitolewa titi, misuli ya kifua na tezi zote za kwapani. Ilidhaniwa kwamba ukikata zaidi, unaokoa zaidi. Dhana hiyo ilipimwa kwa haki katika miaka ya 1970. Huko Milan, Italia, daktari wa upasuaji Umberto Veronesi aliwagawa kwa kura wanawake 701 wenye uvimbe usiozidi sentimita 2: nusu wakatolewa titi lote kwa mtindo wa Halsted, nusu wakatolewa robo ya titi na kupigwa mionzi. Marekani, daktari wa upasuaji Bernard Fisher na wenzake walianza jaribio kama hilo mwaka 1976, lililofuatilia wanawake 1,851. Majibu ya miaka 20 ya majaribio yote mawili yalitoka mwaka 2002: vifo havikutofautiana.

Kilichotofautiana ni ugonjwa kurudi palepale. Milan, ulirudi kwenye titi lile lile kwa asilimia 8.8 ya waliobaki na titi, na kwenye kifua kwa asilimia 2.3 ya waliotolewa lote. Kwa hiyo yule jamaa anayemjua mtu aliyerudiwa na ugonjwa hasemi uongo. Ila ugonjwa ukirudi ndani ya titi, mara nyingi hugundulika na kutolewa. Kinachoua ni mbegu zilizokwisha kufika kwenye mifupa, ini, mapafu au ubongo, na hizo hazifikiwi na kisu kinachokata titi, kiwe kikubwa au kidogo. Takwimu hizi pia ni za zama ambazo dawa za leo hazikuwepo. Sasa wanaorudiwa na ugonjwa ni wachache kuliko hao.

Mionzi. Hapa ndipo njia hii inaposimama au kuanguka. Katika jaribio la Fisher, waliotolewa uvimbe bila mionzi walirudiwa na ugonjwa kwenye titi kwa asilimia 39.2 ndani ya miaka 20. Waliopigwa mionzi, asilimia 14.3. Uchambuzi uliounganisha majaribio mengi, uliotolewa mwaka 2011, ulionyesha kwamba mionzi baada ya kutoa uvimbe hupunguza kurudi kwa ugonjwa kwa karibu nusu, na vifo vya saratani ya titi kwa takriban moja ya sita. Kutoa uvimbe ukaacha mionzi, kwa mtu anayeihitaji, ni kufanya nusu ya tiba.

Habari njema ni kwamba siku za mionzi zimepungua. Zamani ilikuwa mara 25 kwa wiki tano. Sasa mpango wa kawaida mahali pengi ni mara 15 au 16 kwa wiki tatu, na jaribio la Uingereza lililotangaza matokeo mwaka 2020 lilionyesha kwamba mara 5 ndani ya wiki moja zinatosha kwa wagonjwa wengi. Kama umeambiwa wiki tano, si vibaya kuuliza kwa nini si tatu. Kila kipindi ni cha dakika chache na hakiumi. Madhara ya karibu ni uchovu na ngozi kubadilika rangi, kukauka au kuchubuka; ya mbali ni titi kuwa gumu kidogo au kusinyaa. Ikiwa ni titi la kushoto, uliza watakavyoulinda moyo; vituo vingi humfundisha mgonjwa kuvuta na kushikilia pumzi wakati mashine ikifanya kazi.

Wapo wanaoweza kusamehewa mionzi. Mwanamke wa miaka 70 na zaidi, mwenye uvimbe mdogo unaolishwa na homoni, tezi safi, na aliye tayari kumeza vidonge vya homoni, anaweza kuiacha. Jaribio la Marekani la kundi hilo lilionyesha baada ya miaka 10 kwamba ugonjwa ulirudi kwenye titi au kwapani kwa takriban asilimia 10 ya walioiacha na asilimia 2 ya walioipata, huku uhai ukiwa sawa. Wapo pia ambao kwa kawaida hawapewi: aliyewahi kupigwa mionzi ya kifua, mwenye hitilafu ya jeni ya TP53, na wengi wenye ugonjwa wa ngozi kukakamaa unaoitwa skleroderma. Mjamzito lazima asubiri ajifungue, hivyo aliye katika miezi ya mwanzo huenda akashauriwa njia nyingine.

Upasuaji na kupona. Ndio mwepesi kuliko yote. Wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo na kurejea shughuli za kawaida ndani ya wiki moja au mbili. Kero yake ni kwamba huenda usiwe wa mwisho. Kinyama kilichotolewa hupakwa wino pembeni na kuangaliwa kwa hadubini. Ikiwa chembe za saratani zimegusa wino, unarudi kukatwa tena. Takriban mgonjwa mmoja kati ya watano hurudi. Kwa saratani iliyokwisha kupenya, mwongozo wa Marekani wa mwaka 2014 unasema inatosha wino usiguswe. Hakuna haja ya kukata tishu zaidi kwa ajili ya kujifariji. Kwa saratani ambayo bado imo ndani ya mirija ya maziwa, hatua ya 0, hutakiwa nafasi ya milimita 2.

Mwili. Titi linabaki, na hisia zake kwa sehemu kubwa. Umbo linategemea uwiano: uvimbe wa sentimita 3 kwenye titi kubwa hauachi alama sawa na kwenye titi dogo. Muombe daktari akuonyeshe kwa kalamu, kwenye ngozi yako, ni kiasi gani kitatoka. Anayetarajia kunyonyesha siku za mbele ajue kwamba titi lililopigwa mionzi mara nyingi hutoa maziwa kidogo au halitoi kabisa. Jingine hufanya kazi kama kawaida.

Ufuatiliaji. Mamogramu, yaani picha ya eksirei ya titi, kila mwaka kwa titi lililobaki na lile jingine. Wapo wanaoupokea mpangilio huu kwa utulivu, na wapo ambao wiki nzima kabla ya kipimo hawali wala hawalali. Jiulize wewe ni yupi, na usijione dhaifu kwa jibu lolote.

Inamfaa nani. Mwenye uvimbe mmoja, au miwili iliyo karibu, unaoweza kutoka wote bila kuharibu umbo. Anayeweza kuifikia mionzi. Na ambaye kubaki na titi kuna maana kwake.

## Njia ya pili: kutoa titi zima na kufunga kifua

Uhai na kurudi kwa ugonjwa. Uhai ni ule ule. Mwaka 2021 ulitoka utafiti wa Sweden wa wanawake karibu 49,000, na waliotolewa uvimbe na kupigwa mionzi waliishi vizuri kidogo kuliko waliotolewa titi lote, hata baada ya kuzingatia umri, hatua na maradhi mengine. Siutumii kumsukuma mtu kuacha kutoa titi, kwa sababu wanawake hao hawakugawanywa kwa kura na huenda kuna tofauti zisizoonekana. Ila unatosha kuzima ile kauli kwamba upasuaji mdogo ni tiba ya nusu nusu.

Ugonjwa kurudi kifuani ni nadra, lakini haifiki sifuri. Hakuna daktari anayeweza kutoa kila chembe ya tishu ya titi. Kidogo hubaki chini ya ngozi na kuelekea kwapani. Anayekuahidi kwamba ukitoa lote hauwezi kurudi kamwe, anakuahidi asichonacho.

Na lile titi jingine lililo zima? Hofu huwafanya wengi waombe litolewe pia. Kwa mtu asiye na hitilafu ya jeni, nafasi ya saratani mpya upande wa pili ni takriban nusu asilimia kwa mwaka au chini yake, na kulitoa hakujaonyeshwa kurefusha maisha. Mwenye hitilafu ya BRCA1 au BRCA2 ni habari nyingine: takriban wanawake 7 kati ya 10 wenye jeni hizo hupata saratani ya titi kabla ya kufika miaka 80. Kwake mazungumzo ya kutoa yote mawili yana uzito. Kama mama, dada au shangazi yako aliugua akiwa kijana, au kuna saratani ya mfuko wa mayai katika ukoo, omba kipimo cha jeni kabla ya upasuaji, si baada.

Mionzi. Wengi huchagua njia hii ili waikwepe, na wengi hufanikiwa. Lakini si wote. Uvimbe unaozidi sentimita 5, au tezi nne na zaidi zenye saratani, hupelekea mionzi ya kifua hata baada ya titi kutoka. Na tezi moja hadi tatu mara nyingi huleta mjadala unaoishia huko huko. Zaidi ya hapo, idadi kamili ya tezi hujulikana baada ya upasuaji. Kwa hiyo muulize daktari hivi: kwa picha zangu zilivyo, kuna uwezekano gani wa kutolewa titi na bado nikahitaji mionzi? Ikiwa uwezekano ni mkubwa, sababu yako kuu ya kuchagua njia hii imepungua nguvu.

Upasuaji na kupona. Hufanywa kwa nusukaputi, kwa saa moja hadi tatu, na wengi hulala hospitali usiku mmoja au miwili. Unatoka na mrija mmoja au miwili ya kutoa majimaji, inayokaa wiki moja hadi tatu. Utafundishwa kuimwaga na kuandika kipimo. Mirija ikitoka, majimaji yanaweza kujikusanya tena yakahitaji kuvutwa kwa sindano. Mazoezi ya bega huanza mapema, na asiyeyafanya huja kujuta pale anapotaka kufikia rafu ya juu. Kupona kunachukua wiki tatu hadi sita.

Mwili. Kifua upande huo kinakuwa bapa, ngozi ina ganzi ambayo kwa sehemu haiondoki, na wengine huhisi titi lisilokuwepo likiwasha au kuuma. Kuna titi bandia la kuvaa ndani ya sidiria, na lenye uzito unaofaa husaidia mabega yasiinamie upande mmoja. Wapo wanaolikataa na kuishi na kifua bapa, wakiridhika kabisa. Ikiwa ndilo unalotaka, liseme kwa maneno yaliyo wazi kabla ya siku ya upasuaji, ili daktari afunge ngozi ikalala vizuri badala ya kuacha ya ziada akidhani utarudi kuunda titi.

Ufuatiliaji. Upande uliotolewa hauhitaji mamogramu. Hukaguliwa kwa macho na mikono, hasa kando ya kovu. Titi lililobaki linaendelea kupimwa kila mwaka.

Inamfaa nani. Asiyeweza kupata au kumaliza mionzi. Mwenye uvimbe katika pande tofauti za titi, au chembe za chokaa zilizotapakaa titi zima. Aliyerudi chumba cha upasuaji na wino bado unaguswa. Aliyerudiwa na ugonjwa kwenye titi lililokwisha kupigwa mionzi. Na yule ambaye, akijua ukweli wote huu, bado moyo wake hauwezi kutulia titi likiwepo. Sababu hiyo ya mwisho ni halali kama zilizotangulia. Sipendi inapobezwa kana kwamba ni ujinga.

## Njia ya tatu: kutoa titi na kuliunda upya

Uhai na kurudi kwa ugonjwa. Hakuna tofauti na njia ya pili. Kuunda titi hakufichi ugonjwa wala hakuurudishi.

Mionzi. Hapa mionzi ni mpinzani. Kipandikizi cha silikoni kilichopigwa mionzi huelekea zaidi kukakamaa, kuuma, kuambukizwa na kulazimika kutolewa. Ndiyo maana anayetarajiwa kupigwa mionzi mara nyingi hushauriwa asubiri aimalize kwanza, au atumie tishu za mwili wake, au awekewe mfuko wa muda wa kutanua ngozi na kubadilishiwa baadaye. Muulize daktari wa mionzi na daktari wa kuunda titi wakiwa wameshazungumza wao kwa wao. Wagonjwa hupewa mipango miwili isiyopatana mara nyingi kuliko inavyopaswa.

Upasuaji na kupona. Namna ni mbili. Kipandikizi huongeza saa chache tu, ila mara nyingi huhitaji upasuaji wa pili, na hakikuundwa kudumu maisha yote. Wengi hubadilishiwa baada ya miaka. Vipandikizi vyenye ganda la kukwaruza vimehusishwa na limfoma ya nadra, yaani saratani ya chembe za kinga ya mwili, na aina moja iliondolewa sokoni duniani mwaka 2019, hivyo uliza ganda lake ni la namna gani. Namna ya pili ni kuhamisha ngozi na mafuta ya tumbo, au misuli ya mgongo. Ile ya tumbo huchukua saa nyingi, siku kadhaa hospitalini na miezi miwili hivi ya kupona, na unabaki na kovu la pili tumboni. Ikishika, imeshika: titi hilo ni nyama yako, linaongezeka na kupungua pamoja na mwili. Uvutaji wa sigara, kisukari kisichodhibitiwa na unene mkubwa huongeza hatari ya kidonda kufa katika namna zote mbili.

Mwili. Ndani ya nguo, umbo hurudi. Hisia kwa kawaida hazirudi kama zamani, na watu huambiwa hilo kwa sauti ya chini mno. Chuchu inaweza kubakizwa ikiwa saratani iko mbali nayo. Isipowezekana, huundwa nyingine au kuchorwa kwa wino.

Ufuatiliaji. Kama njia ya pili, pamoja na uangalizi wa kipandikizi chenyewe.

Inamfaa nani. Anayehitaji au kutaka titi litoke lakini kuishi bila umbo kunamtesa, mwenye afya ya kuhimili upasuaji mrefu au wa awamu, na aliyeko karibu na wataalamu wa kazi hiyo. Usishurutishwe na neno "sasa au kamwe". Titi laweza kuundwa hata miaka kadhaa baadaye.

## Kwa hali yako

Ukiwa na uvimbe mdogo, tezi safi na mionzi unayoweza kuimaliza, njia ya kwanza na ya pili ni sawa kwa uhai. Amua kwa kuangalia vigezo vya tatu, vya nne na vya tano, na usikubali mtu akuambie umechagua kufa au kupona.

Ukiwa na uvimbe mkubwa, uliza dawa zitangulie kabla hujakubali kwamba titi lazima litoke. Subiri picha za baada ya dawa ndipo uchague.

Mashine ya mionzi ikiwa mbali, hesabu nauli, malazi na nani atabaki na watoto kwa wiki tatu, kisha uulize kuhusu mpango wa wiki moja. Ukiona kwa dhati hutamaliza, njia ya pili ni tiba kamili.

Ukiwa na BRCA1 au BRCA2, kutoa uvimbe tu kunaruhusiwa, lakini unalinganisha pia saratani ya miaka 20 ijayo, na mifuko ya mayai imo ndani ya hesabu. Kutane na mshauri wa jeni kwanza.

Ukiwa na zaidi ya miaka 70 na saratani mpole ya homoni, swali lako huenda si titi bali kama unahitaji mionzi hata kidogo.

Ukiwa mwanamume, kwani karibu asilimia 1 ya saratani hizi huwapata wanaume, mara nyingi titi zima hutolewa kwa sababu tishu ni kidogo, ingawa kutoa uvimbe na kupigwa mionzi kunawezekana kwa baadhi.

Ukiambiwa saratani imeshafika mifupa, ini au mapafu, dawa ndiyo tiba ya kwanza. Kutoa titi huzungumzwa hasa kunapokuwa na kidonda, damu au maumivu yanayohitaji kutulizwa.

Na ukiwa bado katikati ya njia mbili baada ya yote haya, rudi kwa daktari na mtu wa kukuandikia majibu, ukiwa na maswali matatu: mionzi nitaihitaji kwa vyovyote vile? Tezi ngapi zitatolewa? Kama ripoti ya baada ya upasuaji itakuja tofauti na mnavyotarajia, mpango utabadilika vipi?